WhatsApp, Facebook, TikTok au X: unataka kusikika na nani?

Mtu akinunua simu janja yake ya kwanza, au akimnunulia mzazi wake, swali la pili baada ya "chaji inakaa?" huwa ni hili: niweke mtandao upi? Anataka jina moja aondoke zake. Mimi humrudishia swali. Unataka kuwa karibu na watu unaowajua, au unataka watu usiowajua wakusikie? Hizo ni kazi mbili, na karibu kila mtandao unaifanya moja barabara na nyingine kwa kusuasua. Aliyekuja kutafuta ndugu akaingia TikTok ataishia kutazama wageni wakicheza hadi bando likate. Mwenye la kuwaambia wananchi wenzake akabaki kwenye grupu la ukoo ataambiwa na admini kwamba hapa si mahali pa siasa, na admini atakuwa na haki.

Nimeilinganisha miwili miwili, kwa jinsi watu wanavyoipima kabla ya kuchagua. Mingine nimeipitia haraka kwa sababu haina mengi ya kubishaniwa.

WhatsApp na Facebook

WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu. Facebook imefungwa kwenye jina. Tofauti zao nyingi zinaanzia hapo.

Ukiwa na namba ya shangazi yako, WhatsApp inakufikisha kwake leo hii. Usipokuwa nayo, huna pa kuanzia. Huwezi kuandika "Mwanaidi wa Pangani" ikakutafutia. Facebook inatafuta. Unaandika jina, unaongeza mji au shule mliyosoma, unapekua picha za wenye jina hilo mpaka unamtambua kwa mwanya wake, au kwa sababu amesimama na kaka yake unayemkumbuka. Ndiyo maana kwa familia zilizotawanyika Facebook bado haijapata mpinzani. Fikiria familia za Kivu, mashariki mwa Kongo, zilizokimbilia Tanzania, zikaishi miaka kambini Nyarugusu kule Kigoma, kisha baadhi zikahamishiwa Marekani. Kila nchi laini mpya, kila laini namba mpya. Jina wanalo lile lile. Aliyeachana na binamu yake Uvira anampata kwa jina, wanapeana namba, na kuanzia hapo maongezi yanahamia WhatsApp, Facebook inasahaulika hadi atafutwe mwingine.

Hata kwenye kudumu zinatofautiana. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Ukurasa wa Facebook unaweza kubaki hata mwenyewe akifariki. Ndugu wanaweza kuomba ugeuzwe kuwa wa kumbukumbu, na mwenyewe akiwa hai anaweza kuteua wa kuusimamia. Nina marafiki waliokwisha kututoka ambao kila mwaka, siku yao ya kuzaliwa, watu wanaenda kuwaandikia. Wengine wanaona ajabu. Mimi naona ni mahali pengine pa kuhani.

Lakini kwenye kuishi pamoja siku kwa siku, Facebook haioni ndani. Ukitaka kuiona WhatsApp ikifanya kazi ambayo haikuundiwa, ingia kwenye grupu la kamati ya harusi Dar es Salaam. Katibu anabandika orodha: namba, jina, ahadi, kilicholipwa. Kila anayetoa ahadi ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Wawili wakifanya hivyo kwa dakika moja zinakuwa orodha mbili, kila moja ina namba 27 yake, na kuna mtu ameshapotea katikati. Katibu anaomba utulivu, "jamani tusiandike mpaka niseme". Mtunza hazina anaweka skrinishoti ya muamala. Mjomba aliyeko Muscat anaandika "Mashallah", ananyamaza wiki mbili, kisha anatuma pesa kuliko wote. Hakuna programu ya uhasibu inayofanya kazi hovyo namna hiyo, na bado harusi inafanyika, kwa sababu kila aliyemo anafahamika, na ahadi isiyolipwa inasomwa na wote kila orodha inapobandikwa tena. Facebook haiwezi hilo. Aibu ya kule haina makali, maana nusu ya wanaokuona hawakujui kwenu.

Halafu kuna sauti. Shangazi yangu haandiki. Anabonyeza kimaikrofoni, anaanza kwa kuwauliza hali watu wa nyumbani kwangu mmoja mmoja kwa majina, jogoo anawika nyuma yake, na habari yenyewe inafika dakika ya tatu. Maandishi yangemnyima nusu ya anachotaka kusema. Wenye ndugu wanaofanya kazi Dubai wanajua na jambo jingine: Umoja wa Falme za Kiarabu umezuia simu za WhatsApp, za sauti na za video, ila ujumbe na voisi zinapita. Basi mama aliyeko Mombasa anatuma voisi asubuhi, binti anajibu akimaliza zamu. Wanaotaka kusikilizana papo hapo hulipia huduma iliyoruhusiwa kule, kama BOTIM.

Ubaya wa WhatsApp upo kwenye ile ile namba. Ukiingizwa kwenye grupu la mtaa au la wazazi wa shule, kila aliyemo anaiona namba yako, na grupu linaweza kubeba watu 1,024. Dada mmoja akiingizwa asubuhi, usiku ameshaanza kupokea "mambo mrembo" kutoka kwa asiowajua. Nenda kwenye mipangilio ya faragha, pale panapouliza nani anaweza kukuongeza kwenye magrupu, uchague walio kwenye orodha yako ya simu peke yao. Ni dakika moja, na sijui kwa nini watu hawaambiwi siku wanayonunua simu.

Kuhusu siri: tangu 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiyasomi. Ni jambo jema, ila usilitegemee kupita kiasi. Anayekusaliti hahitaji kuvunja kufuli lolote, anapiga skrinishoti tu. Na kwa kuwa hakuna anayesoma kutoka nje, uvumi hauna wa kuukagua. Kampuni iliweka breki: 2019 ujumbe ukawa unafowadiwa kwa watu au magrupu matano tu kwa mara moja, na Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana ukabanwa upite kwa mmoja mmoja. Ukiona alama ya mishale miwili juu ya dawa ya kienyeji inayotibu kila kitu, hakuna anayejua imeanzia kwa nani.

Stetasi, ambako WhatsApp inajaribu kukupa ukumbi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu stetasi ndipo watu wetu wengi wanapojieleza kuliko mahali pengine popote, na ulinganisho mwingi unaipita.

Stetasi inaonekana kwa walio kwenye simu yako ambao nao wamekuhifadhi, kisha inatoweka baada ya saa 24. Wageni hawaioni. Ni nusu uwanja nusu sebule, na kwa mtu wa Pwani ni mazingira anayoyafahamu vizuri: kijembe kilichokuwa kikiandikwa kwenye kanga, ukaivaa ukapita mbele ya mlango wa mlengwa, sasa kinawekwa stetasi. Hutaji jina. Unaandika "wengine wanakula kwako wakitoka wanakusema" na unasubiri. Faida ambayo kanga haikuwa nayo ni kwamba simu inakuletea orodha ya waliotazama, kwa hiyo unajua kama ujumbe umefika au bado. Na mlengwa naye anajua kwamba unajua. Wajanja huzima taarifa za kusoma ili wasionekane wametazama, lakini basi nao hawaoni nani ametazama za kwao.

Ukitaka kusema jambo ambalo shangazi na bosi wasilione, unaweza kuwaondoa kwenye watazamaji mmoja mmoja. Inafaa kwa picha za ufukweni. Kwa kijembe haifai, utakuwa umemficha uliyemkusudia.

Facebook kwa kujieleza ina shida kinyume na hiyo. Marafiki wanafika hadi 5,000, na humo humo mna mwalimu wako wa darasa la sita, mchungaji, mfanyakazi mwenzako na mtoto wa dada yako. Ukiandika, unawaandikia wote kwa pamoja, basi unaandika kwa tahadhari. Lakini kwa maandishi marefu ya Kiswahili, ya kueleza jambo kwa aya tano sita na kujibiwa na watu waliosoma mpaka mwisho, sioni mahali pazuri zaidi hadi leo. Vijana wanasema Facebook ni ya wazee. Wazee ndio wanaosoma.

Angalizo la nchi: kama ndugu zako wako Kampala, usiitegemee Facebook. Uganda iliifunga Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, na wanaoitumia kule imewabidi wapitie VPN, programu inayoipitisha intaneti yako njia nyingine ili kukwepa kizuizi. Nchi hiyo hiyo ilikwisha kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018 hadi kodi hiyo ilipofutwa 2021 na kuwekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Kwa hiyo ukipanga namna ya kuwasiliana na watu wa nchi jirani, uliza kwanza nini kinafunguka kwao.

TikTok na Instagram

Hii ni jozi ya wanaotaka kuonekana, na watu huichanganya kwa sababu yote miwili ni picha na video. Kwa mtumiaji wa kawaida tofauti ni hii: Instagram kwa sehemu kubwa inakuonyesha kwa waliokwisha kukufuata, TikTok inakutupa kwa wageni. Video yako ya kwanza kabisa, huna mfuasi hata mmoja, TikTok itaipeleka kwa watu kadhaa. Wakiitazama hadi mwisho, wakairudia, wakaishea, itaipeleka kwa wengi zaidi. Wakiipita, imekufa hapo. Jina lako halina uzito mkubwa.

Kili Paul na dada yake Neema wanaonyesha jinsi video inavyoweza kufika kwa wageni wa mbali. Vijana wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, na shuka zao na shanga, wakaanza kuigiza midomo ya nyimbo za Kihindi mbele ya simu. India yote ikawatazama, ingawa TikTok imefungwa kule tangu 2020 na wengi waliwaona kupitia Instagram. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimpa Kili heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao kwenye kipindi chake cha redio. Hawakuwa na meneja wa kuwatambulisha Mumbai. Kenya nako, Aprili 2020 watu wakiwa wamefungiwa ndani na korona, Azziad Nasenya alijirekodi akicheza wimbo wa Femi One na Mejja, na baada ya siku chache nchi nzima ilikuwa inamzungumzia. Kwa Instagram pekee, ya wakati ule hasa, jambo la Azziad lingechukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kwanza ungetafuta wafuasi.

Sasa upande wa pili wa sarafu hiyo. TikTok, usipoigusa mipangilio, inakuonyesha kwa yeyote. Binti anayeomboleza mzazi wake mbele ya kamera anaweza kuamka akute video imefika kwa watu wanaoicheka. Video ikipakuliwa inaingia kwenye magrupu ya WhatsApp bila jina lako wala maelezo yako, na huko huwezi kuifuta. Kuna kitufe cha kuzuia watu wasipakue, na kingine cha kuwazuia wasiunganishe video zao na yako. Vitafute kabla hujapakia chochote kinachokugusa moyo. Na uwe na bando la kweli. Maandishi ya WhatsApp hutayasikia kwenye MB zako, ila TikTok ya nusu saa utaisikia.

Instagram naipendekeza kwa mwenye kitu cha kuonyesha ambacho mteja atarudi kukitazama tena: fundi cherehani, mpishi wa keki, mpiga picha za harusi, mwenye duka Kariakoo. Ukurasa wake unakaa kama katalogi. Mtu anashuka chini, anaona gauni la mwezi wa tatu, anakutumia. Ombi langu moja kwa wafanyabiashara ni mwache ile ya "bei njoo DM". Mteja ameona gauni, amelipenda, anataka kujua kama ni 45,000 au 120,000, na nyinyi mnamwita chumbani akaulizwe yuko wapi. Wengi hawaji. Muuzaji anadhani Instagram hailipi.

Kwa kujieleza kwa watu wako wa karibu, Instagram ina orodha ya marafiki wa karibu kwenye stori zake, inafanana na stetasi. Ni nzuri. Ila kama watu wako wote wako WhatsApp, kuwahamishia Instagram ili waone chai uliyokunywa ni kuwapa kazi.

X na JamiiForums

Mwenye jambo la nchi, la bajeti, la barabara iliyoliwa, huja kwenye jozi hii. X, iliyoitwa Twitter hadi Julai 2023, ni ya kusikika upesi na wenye madaraka na waandishi wa habari. JamiiForums, iliyoanza 2006 kwa jina la Jambo Forums, ni ya kubishana kwa kirefu kwa Kiswahili, wengi wakitumia majina ya bandia.

Wakenya ndio walioonyesha X inaweza kufanya nini. Julai 2015, Rais Obama akikaribia kuwasili Nairobi, CNN iliiita nchi yao kitovu cha ugaidi. Wakenya wa Twitter waliishambulia kwa #SomeoneTellCNN mpaka mkubwa mmoja wa kituo hicho akapanda ndege kwenda Nairobi kuomba radhi. Hiyo ilikuwa ya heshima ya nchi, na serikali yenyewe ilifurahi. Ya Juni 2024 ilikuwa nyingine. Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa: TikTok vijana waliufafanua mswada, wengine kwa lugha za makwao, ili mama muuza mboga aelewe. X ikapanga siku na mahali, na vikao vyake vya sauti, vile vinavyoitwa Spaces, vikawa vinajaza watu hadi usiku wa manane. Namba za simu za wabunge zikasambazwa, ujumbe ukawamiminikia. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Tarehe 5 Julai yeye mwenyewe alikaa kwenye Space kujibu maswali ya vijana. Sidhani kama mtandao mmoja peke yake ungefika hapo.

Gharama ipo na haifichiki. Albert Ojwang', mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, alikamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa maandiko ya X kuhusu afisa wa juu wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Anayekushauri ujiunge X useme ukweli wako bila kukutajia habari kama hiyo hakutakii mema.

Tanzania mlinganyo ni mwingine kabisa. X ilizuiwa Mei 2025, na kabla ya hapo, Oktoba 2023, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilikuwa imetangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao. JamiiForums nayo Septemba 2025 ilisimamishiwa leseni kwa siku 90. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulipofika, intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa, na hapo hata grupu la ukoo lilinyamaza. Kwa hiyo kwa msomaji aliyeko Dar au Arusha, swali la X au JamiiForums linaanzia kwenye "kipi kinafunguka, na kwa njia gani halali".

Ukiweka hilo pembeni na ukapima ubora tu, kwa mjadala wa Kiswahili mimi nachagua JamiiForums. Mtu anaweka uzi kuhusu kununua kiwanja Kibaha, anajibiwa na aliyetapeliwa, na anayejiita wakili, na aliyeuza, na mwingine anayetukana tu, na baada ya miaka minne uzi bado upo na anayetaka kununua kiwanja anausoma. X hilo halipo. Jambo linawaka siku mbili, limezimika. Jina la bandia nalo lina thamani yake hapo: mtumishi anaweza kusema kinachofanyika ofisini kwake bila kupoteza ajira. Mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji, na 2019 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari na CPJ, shirika la kuwatetea waandishi wa habari. Ila jina la bandia lisikuleweshe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu mwenye jina la bandia kama inavyomhusu mwenye picha yake halisi.

YouTube na Telegram, haraka

YouTube ni ya anayetaka kutafutwa. Mtu anaandika "jinsi ya kupika biriani" mwaka huu, anakukuta wewe uliyerekodi miaka mitano iliyopita. Ili ulipwe sehemu ya matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukitaka kufungua televisheni ya mtandaoni ya habari Tanzania, kanuni za 2018 zilileta sharti la leseni ya TCRA, kaulizie ada ya sasa kabla hujanunua kamera.

Telegram ni ya kupokea: grupu hadi watu 200,000, chaneli haina kikomo. Wengi huku kwetu wanaifungua kwa ajili ya filamu na mikeka ya kubeti. Na wanaodhani ina siri kuliko WhatsApp wajue kwamba mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi kama ya WhatsApp, mpaka uanzishe ya siri wewe mwenyewe.

Shairi moja kwenye mitandao minne

Malenga mmoja kijana aliniuliza ayapeleke wapi mashairi yake, na kwa kuwa shairi la Kiswahili lina vipimo vyake, ni kipimo kizuri cha mitandao pia.

Mshororo wa mizani 16, kwa mfano "Simu yangu nimeshika, naandika kwa makini", una herufi 41 pamoja na nafasi. Ubeti wa mishororo minne unakaribia herufi 165. Zamani za herufi 140 Twitter ilimeza mishororo mitatu na kutema kituo, jambo ambalo malenga yeyote angeliona kama tusi. Tangu Novemba 2017, zilipofika 280, ubeti mmoja unaingia vizuri, wa pili hauingii kwa asiyelipia akaunti. Kwa hiyo X ni ya ubeti mmoja wenye ncha. Instagram inaruhusu herufi 2,200 chini ya picha, beti kumi na tatu hivi, ila aliyekuja kutazama picha hasomi beti kumi na tatu.

TikTok haisomwi, inasikilizwa, na hapo shairi linarudi lilikotoka. Kijana mwenye sauti akighani tarbia yake mbele ya simu, bila muziki, vina vinasikika hata kwa asiyejua kwamba vinaitwa vina. Anaweza kupata wasikilizaji elfu nyingi kwa usiku mmoja. Watakaomjibu kwa shairi, sidhani.

Kujibiwa ndiko Facebook na WhatsApp zinakoshinda. Kurasa za ushairi za magazeti zilikuwa na desturi ya malenga kuulizana na kujibizana kwa wiki nyingi, huyu anauliza kwa beti saba, yule anajibu kwa vina vile vile. Siku hizi mashindano hayo yapo kwenye magrupu ya Facebook, jibu linakuja chini ya posti kabla chai haijapoa, na mkali wa arudhi atakuonyesha mshororo wako wenye mizani 15. Kwenye grupu la WhatsApp la malenga ishirini wanaoheshimiana kosa hilo utaambiwa kwa upole zaidi, faragha. Nilimshauri hivi: lisahihishwe WhatsApp, liwekwe Facebook, lighaniwe TikTok, na X ipewe ule ubeti mmoja unaouma. Akauliza kama lazima awe kwenye yote minne. Hapana. Kama bando linatosha mmoja tu, aanze na Facebook, kwa sababu anachohitaji sasa ni wenzake wa kumkosoa, umaarufu anaweza kuusubiri.

Kwa mzazi aliyenunuliwa simu: WhatsApp, mfundishe voisi kabla ya kitu kingine chochote, na umfungie ile ya kuingizwa kwenye magrupu. Kwa aliyepotezana na watu wake vitani au safarini: Facebook, atumie jina alilojulikana nalo utotoni hata kama pasipoti inasema vingine. Kwa mwenye biashara ya kushona au kupika: Instagram na bei zake wazi, TikTok akishapata muda wa kurekodi. Kwa mwenye jambo la kuliambia taifa: aangalie kwanza yuko nchi gani.

Na yeyote kati yao, akishafungua akaunti, aingie kwenye mipangilio awashe uthibitisho wa hatua mbili siku hiyo hiyo. Asimpe mtu yeyote ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji, hata kama anayeiomba anatumia picha ya binamu yake na anaanza na shikamoo.